Tumbo la Binti wa Balozi

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo kila mwenye ugomvi wa mpaka wa migomba pale kwetu, karibu na Nshamba, alipitia sebuleni mwetu, akaondoka na nasaha za ujamaa asizoziomba. Kazi yangu, mimi binti yake mdogo, ilikuwa kumpelekea mgeni kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kwetu anayekaribisha hutafuna kwanza, mgeni aone kwamba haina sumu. Basi nilitafuna. Akija mwingine, nilitafuna tena.

Na tumbo likaniuma. Lilishika hapa kitovuni, likaachia, likarudi, na lilipenda sana saa za jembe, maana wageni walikuja asubuhi. Baba akaamua kwamba nategea. Yeye anahimiza watu kazi mikutanoni, kumbe nyumbani anafuga mnyonyaji! Aliniita hivyo, mnyonyaji, mimi ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanang'oka. Neno hilo liliniuma kuliko tumbo. Bibi alininywesha omubilizi, majani machungu ambayo hata mtu mzima akiyanywa atasema amepona. Nilisema nimepona. Kesho yake nikaumwa tena.

Mama akanipeleka zahanati. Mganga, kijana aliyetoka Tanga, alinibonyeza tumbo, akauliza ninakula nini.

"Ndizi, waitu," mama akajibu kwa neno letu la heshima. "Ndizi na maharage. Hakuna kingine."

Akanipa dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka, maumivu yakabaki.

Siku moja mganga huyo alikuja kijijini kukagua vyoo, akakaribishwa kwetu. Nikaleta kikapu, nikatafuna kwanza. Akanikodolea macho.

"Mama, si ulisema anakula ndizi tu?"

"Hiyo si chakula, waitu," mama akasema, akimwonea huruma kwa kutojua. "Hiyo ni heshima."

"Na heshima hiyo anaitafuna kila asubuhi, kabla ya uji?"

Mama akamtazama baba. Baba akatazama kikapu.

Matibabu yakawa hayo tu: uji kwanza, kahawa marufuku. Haukupita muda tumbo likatulia.

Baadaye akaja mzee jirani. Baba alishika kikapu mwenyewe, akatafuna, akakunja uso.

"Binti yuko wapi?" mzee akauliza. "Bado anategea?"

"Hakuwa anategea," baba akasema. "Mwanangu alikuwa anaumwa kweli."

Nilikuwa jikoni, mzima kabisa, nikalia kwa furaha mpaka uji ukaungua.