Herufi Nane za Kwanza

Miaka michache baada ya uhuru, ofisi yetu ya ardhi ya Kakamega ilinipeleka Nairobi miezi mitatu kujifunza kuandika programu za kompyuta. Nilirudi na lugha mbili, Fortran na Cobol, na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye hata moja. Mashine yenyewe ilibaki Nairobi. Niliandika kwa penseli kwenye karatasi za miraba, nikatuma kwa posta. Huko dada mmoja ambaye sikuwahi kumwona aliyageuza maandishi yangu kuwa matundu kwenye kadi zilizosomwa na mashine, na majibu yalinifikia baada ya wiki mbili.

Makarani wenzangu walikwenda pamoja kula obusuma, ugali wa kwetu. Mimi nilikula kwenye meza yangu ya kazi, peke yangu.

Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa orodha ya walioomba mashamba Lugari. Wengine walikuwa wamejiandikisha mara mbili, nami nikaambiwa niondoe marudio. Nilitumia Fortran, lugha ya hesabu, ambayo ilinilazimu kukata kila jina vipande vya herufi nne nne. Kwa uvivu nililinganisha vipande viwili tu vya mwanzo.

Orodha ilipobandikwa, alikuja mjane mmoja kutoka Navakholo.

"Mwanangu, jina langu halipo. Wananiambia mimi na mwanamke fulani wa Shianda ni mtu mmoja."

Nilitoa fomu zao. Majina yote mawili yalianza kwa "Na", kama ya wanawake wengi wa kwetu, yakafanana hadi herufi ya nane.

"Mama, kosa ni langu."

"Si ni ile mashine?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyeiambia."

Alinitazama. "Basi iambie tena. Sisi tunapandanga mvua ikianza, na mvua haingojangi mtu."

Niliandika upya kwa Cobol, inayolinganisha jina zima kwa sentensi moja, nikaongeza jina la baba na la kijiji. Mkubwa wangu alinifokea mbele ya ofisi nzima, lakini orodha ikabanduliwa.

Majibu yalipofika, wanawake sita walikuwa wamerudi kwenye orodha, mjane akiwa mmoja wao. Pembeni mwa karatasi dada wa Nairobi alikuwa ameandika, "Safari hii imepita bila kosa." Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Hakuna mwingine aliyejua nilichopitia.

Mjane alikuja kutia alama ya dole gumba kwenye fomu yake. Nilipoanza kumweleza nilivyorekebisha, alicheka. "Sijui kusoma, mwanangu. Lakini asante."

Jioni hiyo nilimwandikia dada wa Nairobi barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilijibiwa na mtu mwingine, kwa mistari miwili: dada yule ameolewa, ameacha kazi.