Kilo za Jumatatu

Mimi nina mdomo, hilo sikatai. Miaka kumi na tisa nimeuguza kwenye wodi ya upasuaji ya wanawake hapa Arusha, na ndugu wa wagonjwa wananijua kwa makelele. Ukimletea mtu mwenye kidonda soda na biskuti, utanisikia. Ukimletea mama yako chipsi za jana zilizoganda mafuta, utanisikia mpaka getini. Ndiyo maana sista msimamizi aliponikabidhi mizani ya wodi, hakuna aliyeshangaa. Alisema kazi ya kupima uzito inataka mtu asiyeona haya. Nilicheka, nikapokea daftari.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila Jumatatu asubuhi unaburuta mizani kitanda hadi kitanda, anayeweza kusimama anapanda, unaandika kilo zake. Jumatano anapita dada wa lishe na ufunguo wa kabati lenye makopo ya maziwa maalumu, yale yanayopewa wagonjwa walioisha mwili. Makopo ni machache siku zote. Kwa hiyo anafungua daftari langu, anatazama nani kilo zimeshuka, na huyo ndiye anayepewa. Aliyepanda anarukwa.

Bibi ninayetaka kumsema aliletwa masika yakiisha. Walimleta kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, kule ambako asubuhi za mwezi wa sita huoni zizi lako kwa ukungu. Alikuwa anaota moto jikoni, usingizi ukamchukua, kitenge kikashika moto. Mguu wa kulia ulikuwa umeungua kutoka pajani mpaka kifundoni. Mapokezi walimkata nguo zote, wakamvika gauni la hospitali, wakampima. Kilo arobaini na tano.

Daktari wetu ni mtu wa maneno machache. Alisimama kando ya kitanda akawaambia ndugu, mimi nikiwa hapo hapo: "Kidonda hiki hakitafunga chenyewe. Itabidi tuchukue ngozi kwenye paja lisiloungua tuipandikize hapa. Lakini ngozi haishiki kwenye mwili wenye njaa. Akiongezeka uzito tutampandikiza, atarudi nyumbani anatembea. Akipungua, tukimpasua tutamuua."

Mke wa mwanawe mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anamuuguza, akamtafsiria kwa Kimaasai. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu. Mkwe akatugeukia: "Anauliza kama ataweza kupanda mpaka kwa ng'ombe zake. Anao wawili."

"Mwambie ale," akasema daktari.

Nilimpenda bibi yule, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nikiingia wodini namsalimia "Takwenya, koko," naye anaitikia "Iko!" kwa sauti ya mtu mzima kiafya, halafu anacheka kwa jinsi ninavyolitamka. Kwetu ni Kilimanjaro, Kimaasai changu kinaishia hapo, salamu na koko, yaani bibi. Baada ya hapo nampa shikamoo yangu ya kawaida, ananiwekea mkono kichwani. Basi siku yangu imeanza.

Chakula cha hospitali ni uji asubuhi, ugali na maharage mchana, na jioni vile vile. Mwenye ndugu anategemea ndugu. Mkwe alikuja kila siku, anashuka mlimani, anabadilisha gari Sakina, mkononi hotpoti ya loshoro, mahindi yaliyopikwa mpaka yakalainika na kuchanganywa na maziwa mgando. Alikuwa anafika saa saba hivi. Bibi anakula vijiko vitatu, vinne, anasukuma bakuli. "Nimeshiba, asante." Mkwe anafunika. Sasa yule binti angefanya nini? Mama mkwe kasema kashiba, wewe nani umwambie fungua mdomo? Hilo lilikuwa letu sisi manesi. Na sisi asubuhi tulikuwa na mambo yetu. Kidonda kinaoshwa saa mbili, kabla ya hapo anachomwa sindano ya maumivu, anarudishwa kitandani amelala. Uji unawekwa kwenye kabati la kando, unaganda, mhudumu anapita anaubeba. Hakuna aliyeandika popote kwamba uji umerudi.

Mimi nilikuwa naangalia mizani.

Jumatatu ya kwanza baada ya kulazwa kwake kulikuwa na baridi ile ya kwetu, mawingu yamekaa mpaka kwenye mabati. Bibi alikuwa amejifunga shuka lake zito juu ya gauni, na ndani kitenge. Nilisimama na mizani yangu nikamtazama. Nilijua kabisa inavyotakiwa. Mgonjwa anapimwa na nguo nyepesi, zile zile kila wiki. Nimefundishwa hivyo chuoni, na nimewafundisha wanafunzi hivyo hivyo.

Lakini jamani, mtu wa umri ule! Wodi ina vitanda ishirini na kitu, mapazia yalipelekwa kufuliwa yakarudi nusu, na asubuhi hiyo kulikuwa na fundi wa mabomba pale kwenye sinki. Bibi yangu mzaa mama nilimwogopa mpaka anakufa. Kwetu humwambii bibi vua nguo, hata kama unataka kumfulia. Mimi ninayefokea kila mtu, ninayewatoa wanaume wazima wodini kwa kidole, ulimi ulinishinda. Nikamshika mkono, akapanda na shuka lake. Kilo arobaini na tano, haijapungua hata nusu.

"Hongera, koko!" nikapiga makofi. Wagonjwa wengine nao wakapiga. Bibi akacheka.

Ndivyo tulivyoanza. Wiki iliyofuata akina mama wa kanisani kwake walikuja na maombi, sweta na soksi za sufi. Wiki nyingine mkwe akamletea koti la marehemu mzee, mume wa bibi, koti la zamani lenye bitana, maana bibi alikuwa analalamika miguu na mgongo vinaganda. Likaja shuka la pili. Kila Jumatatu alipanda mizani na vyote alivyokuwa navyo, na kila Jumatatu mimi niliandika: arobaini na tano na nusu, arobaini na tano na nusu. Miguu yake ilianza kuvimba, hata ule uliokuwa mzima. Nikaibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua shimo lile maana yake nini: ni maji, si nyama. Mimi nikamwambia mkwe, "Unaona? Loshoro lako linafanya kazi."

Jumatano moja dada wa lishe alisimama mbele ya kitanda chake badala ya kupita. Ni dada mpole, ameanza kazi juzi juzi, sauti yake huisikii vizuri. Akafungua daftari, akamtazama bibi, akatazama tena daftari.

"Sista, mashavu ya bibi yameingia ndani. Naomba nimpime mkono." Akatoa ule utepe wa kupimia unene wa mkono.

Mkono wa bibi ulikuwa chini ya mashuka mawili, koti na sweta. Na mimi, sijui niseme nini, nilihisi kama ananiambia kazi yangu siijui. Nikapandisha sauti ili wodi nzima isikie.

"Mizani imeshasema, wewe unataka nini tena? Umvue bibi wa watu kwenye baridi hii? Kwenu hakuna bibi?"

Wodi ikacheka. Yule dada akatabasamu kidogo, akaukunja utepe, akauweka mfukoni. Maziwa akampa mgonjwa wa kitanda cha nne, ambaye kilo zake zilikuwa zimeshuka kwa haki, kwa sababu alikuwa msichana na nilimpima na kanga moja. Ule utepe ungezunguka mkono wa bibi kwa dakika moja tu. Nausikia mpaka leo ule mcheko, na ninajichukia.

Mwezi wa saba ukaja na manyunyu. Jumapili moja nilikuwa zamu, nikamkuta bibi anatetemeka. Nilikuwa nimevaa sweta langu la sufi, zito, rangi ya damu ya mzee, nililonunua mitumbani Kwa Mrombo baada ya kubishana na muuzaji nusu saa. Nikalivua nikamvalisha juu ya lile la kanisani. Alinishika mikono yote miwili. Nilirudi nyumbani na koti la kazi peke yake, nimeganda, nimefurahi sana moyoni.

Kesho yake Jumatatu. Mizani ikasimama kwenye arobaini na sita na nusu.

"Kilo nzima!" nilimwita daktari kutoka upande wa pili wa wodi. "Kilo nzima ndani ya wiki moja!"

Daktari akaja, akatazama daftari langu. Mstari ulikuwa unapanda. Akamtazama bibi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwandika kwenye orodha ya upasuaji ya Alhamisi.

Jumatano jioni akazuiwa kula, kama inavyotakiwa. Alhamisi asubuhi zikaingia ajali mbili za bodaboda, orodha ikasogezwa. Saa tisa mchana ndipo mtu akakumbuka kumwambia kwamba anaweza kula, na mkwe alikuwa ameshaondoka na hotpoti yake, maana alifika saa saba akaambiwa hairuhusiwi. Ijumaa hivyo hivyo, akakaa na njaa mpaka mchana, akarudishwa kitandani. Jumatatu akaingia kweli. Siku hiyo sikumpima.

Baadaye nilisikia kwamba kule chumba cha upasuaji, walipomfunua, mmoja aliuliza, "Huyu mbona mifupa mitupu?" Wakafungua faili. Faili lilisema ameongezeka. Wakaona labda ndivyo alivyo, wazee wengi wa mlimani ni wembamba. Wakaendelea na kazi.

Siku ya tano kidonda kikafunguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa naondoa bandeji. Ngozi iliyopandikizwa ilikuwa imekuwa ya kijivu, na ilitoka na bandeji, yote, kama utando wa maziwa. Na lile paja zima walilochukulia ngozi nalo likawa kidonda cha pili kisichofunga. Daktari akaja kutazama. Akaniuliza kama bibi anakula. Nikasema anakula, daktari. Ndivyo nilivyosema.

Homa ikaja. Siku tatu baadaye tulimwekea mpira wa puani, na dada wa lishe alifungua makopo mawili bila kumuuliza mtu. Hakunitazama. Maziwa yalipita mpirani, mwili haukuyataka tena. Bibi alikuwa haitikii "Iko". Nilimsalimia hata hivyo, kila nikiingia.

Alifariki Ijumaa saa nne asubuhi, jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mkwe alikuwa ndiyo anaingia na hotpoti. Alilia kidogo tu, halafu akauliza kama anaruhusiwa kusaidia kumsafisha. Tukaweka shuka za hospitali kuzunguka kitanda, mimi nikashika upande mmoja, tukafunga kwenye vyuma. Dakika mbili tu zilitosha. Ningeweza kufanya hivyo kila Jumatatu.

Tukamvua. Shuka la kwanza, shuka la pili. Koti la mzee. Sweta langu. Sweta la kanisani. Kitenge. Soksi za sufi. Kila tulichotoa bibi alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, na tulipofika kwenye mwili nilimwona kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Mbavu unazihesabu. Mabega yametokeza, ngozi ya mikono imekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Mkono wake wa juu niliushika kwa vidole vyangu viwili na vikakutana. Yesu wangu, vilikutana.

Mkwe hakupiga kelele. Alikuwa anapangusa kifua cha mama mkwe wake kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, taratibu. Akasema, bila kunitazama, "Sista, si ulisema amenenepa?"

Mimi mwenye mdomo nilichovya kitambaa kwenye maji, nikaendelea na miguu.

Tulipomaliza, alikunja nguo za bibi moja moja ili azirudishe nyumbani. Alipofika kwenye sweta langu alilikunja vizuri kuliko zote, akanipa kwa mikono miwili. "Hili ni lako. Asante kwa kumpa joto." Halafu akatoka nje kupiga simu mlimani.

Mizani ilikuwa pale pale ukutani. Nilizibeba nguo zake zote nikaziweka juu, na sweta langu juu yake. Kilo sita kasoro kidogo. Bibi aliingia kwetu na arobaini na tano, na Jumatatu ile niliyoshangilia alikuwa hazidi arobaini na moja, pamoja na maji ya miguuni. Nikaziondoa zile nguo, nikarudisha sweta langu peke yake. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye kilo moja.

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Mwandiko ni wangu, mzuri, wa kalamu ya bluu: ameongezeka kilo moja, anakula vizuri.