Daftari Lililofungwa kwa Leso

Kabla ya chai, kabla hata ya kutua mkoba, Husnah Abdul-Karim anasoma kipimo cha ukutani. Unyevu asilimia hamsini na sita. Anaiandika namba kwa penseli, maana kalamu ya wino haiingii chumba hiki, hata uwe nani.

Husnah, 47, anatunza kumbukumbu za chama kimoja cha familia za Wanubi, Old Kampala, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza. Rafuni kuna madaftari manane ya ndoa na vizazi.

"Wengine hawana karatasi nyingine ya kuonyesha mama yao alikuwa nani," anasema. "Daftari likioza, utajieleza kwa nani?"

Mwaka wa kumi na moja huu anapima joto na unyevu, asubuhi na jioni. Unyevu ukipita sitini, feni inawashwa. "Mume wangu ananitania eti nimeajiriwa kulinda hewa."

Basi mvua za Aprili zikagongana na Idi, na bati likavuja. Husnah, akili yote iko nyumbani kwenye masufuria, akayafunga madaftari kwa kaveera, ile mifuko ya nailoni ya sokoni, akakaza mafundo. Mifuko ikaisha kwenye la saba. La nane, kongwe kuliko yote, akalifunga kwa leso yake ya pamba, akaenda zake kula Idi siku nne.

Sikukuu haijaisha, simu ikalia. Mzee Swaib, dereva mstaafu wa miaka 71, alikuwa amepewa na ofisi ya vitambulisho mpaka Ijumaa apeleke ushahidi wa mama yake, la sivyo kitambulisho cha taifa hapati. Jina la mama lilikuwa ndani ya daftari lile kongwe.

Husnah aliporudi kazini, kipimo kilisema hamsini na nane. Akashukuru mapema mno. Kaveera la kwanza lilikuwa linatoka jasho kwa ndani, na jalada limeota ukungu wa kijani. Kipimo kilipima chumba tu. Hewa iliyofungiwa mfukoni haikupimwa na mtu.

"Nikayafungua yote saba, hali ile ile," anasema. "Na nilikuwa najua, wallahi. Nguo za harusi za mama yangu zinakaa kwenye pamba, si kwenye nailoni. Haraka zangu ndizo zilizoniponza."

Leso aliiacha mwisho, kwa woga. Alipoifungua, daftari lilikuwa kavu kabisa. Pamba inapumua. Husnah alikaa chini akalia, na haoni haya kulisema hilo.

Yale saba aliyaanika kivulini mbele ya feni siku tisa, akayafuta kwa brashi laini. Ukungu ulikuwa umekula majalada tu, kurasa zilipona. Sasa Helen, fundi cherehani wa Ntinda, anamshonea mifuko ya pamba. Husnah anataka kila daftari liwe na wake kabla ya mvua za Septemba, na kipimo kidogo cha pili kikae humo humo ndani.

Tunazungumza, mara Mzee Swaib anaingia. Kitambulisho anacho mfukoni, nakala ya ukurasa ilifika ofisini Alhamisi, siku moja kabla. Leo amekuja kuliona tena tu lile jina, Rukiah. Husnah anafungua ukurasa, mzee ananyoosha kidole.

"Mikono kwanza, baba. Bomba liko nje. Na uikaushe vizuri."

Mzee anatoka bila ubishi. Anarudi akijifuta kwenye kanzu, kisha anamwonyesha Husnah viganja vyote viwili avikague.