Namba Niliyoipima Juu ya Rangi

Likizo ile nilipanda kijijini kwetu Vudee, milimani, kumsaidia mama kuvuna maharage. Siku chache kabla nilikuwa nimemaliza kupima meli ya mizigo iliyopandishwa chelezoni, nchi kavu, kwa ukaguzi mkubwa wa kila miaka mitano. Kazi yangu ni unene wa chuma: nakwangua rangi, naweka kipimo, naandika namba. Mkaguzi akiridhika na namba zangu, meli inapewa cheti na kurudishwa majini. Hii ilikuwa irudishwe wiki hiyo hiyo.

Mchana wa siku moja kabla ya meli kushushwa, mjomba alikuwa akipaka rangi mabati ya jiko.

"Mjomba, hukwangui kutu kwanza?"

"Ya nini? Rangi itaifunika."

Nilitua kikapu cha maharage chini. Nilikumbuka tangi la mbele, upande wa kushoto, mahali pa kuingia kwa kutambaa. Tochi ilikuwa inafifia, jasho linaniingia machoni, na tiketi ya basi la nyumbani nilishakata. Pale sikukwangua. Rangi ikiwa nzito, kipimo huisoma pamoja na chuma. Namba ilitoka nzuri, nikaiandika.

Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu mvua ya juzi. Nikamwambia mama nashuka Same mjini kupiga simu.

"Sasa hivi? Hata hujala."

"Mama, kuna watu watapanda ile meli."

Mama alinifungua kanga yenye matope, akanifunga ya kwake.

Bodaboda ilishuka kona baada ya kona, nami namfikiria yule mpishi wa meli aliyekuwa akiniletea chai chelezoni. Mkaguzi akiwa amezima simu je? Na akipokea, nianze na neno gani?

Stendi ya Same mtandao ulikuwepo. Nilipiga mara mbili, haikupokelewa. Ya tatu akapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si uko likizo?"

"Tangi la mbele, kushoto, pale pembeni kabisa. Nilipima juu ya rangi. Namba ile si ya kweli."

Nilisikia vyuma vikigongwa huko aliko.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Usiondoke hapo penye mtandao."

Nilisubiri zaidi ya saa nzima karibu na wauza vitunguu. Simu ilipoita, niliipokea papo hapo.

"Nimegonga kwa nyundo," alisema. "Pametoboka. Meli haishuki kesho."

"Na mimi, mzee?"

"Wewe rudi kazini Jumatatu, uandike maelezo kwa mkono wako."

Niliandika. Kipande kile kilikatwa, kikawekwa kipya. Nilipewa barua ya onyo, kisha mkaguzi akanisimamia nikipima upya meli nzima. Namba nyingine zote zilikuwa sawa. Lakini kuna meli nilizozipima kabla ya hiyo, ambazo zilishashuka majini siku nyingi, na hizo siwezi kuzirudia.