Mazishi Yaliyokuwa na Mdhamini

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alinipigia simu siku ile ile bibi yetu alipofariki. Nilidhani anataka tulie pamoja. Alitaka Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa somo hilo hapa Tabora, na yeye alikuwa na nia ya kugombea udiwani, kwa hiyo bango la msiba lilihitaji maneno mazito. Nikampa "under the auspices of", yaani chini ya udhamini na uangalizi wa fulani. Nikamweleza kwamba hutumika pale taasisi kubwa inapoipa shughuli jina lake na ulinzi wake, mkutano wa mawaziri kwa mfano, si kumzika bibi aliyelima karanga Ntalikwa. Akasema anataka hayo hayo. Sikubisha, maana jeneza ananunua yeye.

Bango likatundikwa nyumbani kwa bibi, Mtendeni, hapa hapa mjini. Jina la kaka lilifuata maneno yale, na picha yake ilikuwa kubwa kuliko ya marehemu, tena anatabasamu.

Hatukumhesabu jirani wa bibi, mama wa Kizaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu mababu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani. Msibani mtani hana adabu, na hakuna wa kumgusa. Alilitungua bango, akajifunga kiunoni kama kanga, uso wa kaka ukaangukia makalioni. Kisha akaketi mlangoni, akatangaza kuwa jeneza halitoki.

Watu walicheka, wanakwaya wakapoteza wimbo. Mchungaji alijifanya anatafuta ukurasa. Nami nilicheka sana, hadi aliponigeukia.

"Mwalimu, maneno haya maana yake nini?"

Nikamwambia kwamba mtu fulani ndiye msimamizi, na shughuli yote iko chini ya uangalizi wake.

"Bibi yenu kalala kitandani miezi saba. Alikuwa chini ya uangalizi wa nani?"

Kaka akatazama simu yake. Mimi naishi mji huo huo, bodaboda moja tu, na nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilifuata karanga. Aliyemnywesha uji na kumgeuza ubavu ni huyu aliyevaa bango.

"Ni wewe, mama," nikasema.

Akalifungua bango kiunoni, akalitandaza mbele yangu.

"Basi futa, uandike."

Nikatoa kalamu, nikalikata jina la kaka, nikainama kuandika. Sikulijua jina la mama yule.