Kuni za Paroko

Kwetu Maguu, jumuiya hupokezana zamu ya kupeleka kuni nyumba ya mapadri. Mama hakukosa zamu yake hata alipoanza kutembelea fimbo. Mzigo nilibeba mimi, sifa zikaenda kwake. Siku moja tulipoutua uani, alimuuliza paroko mpya, "Baba, padri naelewa. Hili neno paroko limetoka wapi?"

Yule kijana alifurahi kuulizwa. Akasema neno padri lililetwa na Wareno, maana yake baba. Paroko ni la Kigiriki: wengine hulihusisha na mtu anayekaa jirani, ila zamani Warumi walimwita hivyo mtu wa kuwapa wasafiri wa serikali kuni na chumvi.

"Kumbe," mama akasema. "Mbona kuni tunaleta sisi?" Alicheka njia nzima. Mimi mgongo uliniuma, sikuona cha kuchekesha.

Masika ya mwaka huu mama alishikwa na ugonjwa, hakuinuka tena. Tulimhamishia jikoni kwa ajili ya baridi. Alitaka jambo moja tu, apakwe mafuta matakatifu kabla hajafa. Nilipiga simu parokiani mpaka nikachoka. Paroko alikuwa peke yake, vigango vya mbali vya kuhudumia vingi, barabara matope matupu. Nilichoka kumgeuza mama, kumfulia, na zaidi nilichoka kumwambia kwamba padri yuko njiani.

Akaja mchana mmoja, pikipiki kaiacha bondeni, kanzu imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka kuzika watu wawili. Mama alimtazama, akaniambia nimpe kiti karibu na moto na uji kwanza. "Atanipaka akishapata joto." Uji haukuisha. Paroko alisinzia palepale, kikombe mkononi.

Niliinuka nimwamshe. Mama akanizuia kwa mkono.

"Mwache. Naye ana mama yake huyo."

"Mama, si ulikuwa unamsubiri?"

"Si amekuja? Ongeza kuni."

Nilikasirika, niwe mkweli. Niliwakasirikia wote wawili. Nikazishusha kuni kavu zilizobaki darini, nikachochea moto, na nilipogeuka kumfunika mama vizuri, pumzi ilikuwa imekatika.

Paroko aliamka niliposhtuka na kuita. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, nikauona uso wake, yakaisha.

"Kwa nini hukuniamsha, dada?" aliniuliza.

"Alikataa, Baba."

Alipiga magoti akamwombea marehemu, kwa kuwa mafuta hapakwi aliyekwisha kufa. Majirani wakaanza kuingia, wamelowa, wanatetemeka, na jikoni hakukuwa na kuni hata kijiti. Paroko akavua kanzu, akachukua shoka la mama, akaenda nyuma ya nyumba kwenye gogo la mkaratusi. Akina mama wa jumuiya walimfuata mbio kumnyang'anya, eti si kazi yake.

"Mwacheni," niliwaambia.

Kisha nikakaa chini, nikalia, nikimsikiliza akipasua.