Bwana Nukta na Barua za Maji

Ofisini walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa akisoma, kila alipofika kwenye nukta alisimama, akameza mate, ndipo aendelee. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya maji. Barua za malalamiko ziliingia ishirini kwa siku. Yeye alimaliza saba. Zilizobaki zilijaa kwenye trei, zikahamia kwenye kiti cha wageni, mpaka wageni wakawa wanasimama.

Jumamosi moja binti yake, mwanafunzi wa chuo, alimkuta sebuleni na furushi la barua, midomo ikimchezacheza.

"Baba, unasoma au unasali?"

"Nasoma, mwanangu. Nisipotamka sielewi."

"Basi ndiyo maana! Unasoma kwa mwendo wa ulimi, na macho yanausubiri."

Akampa kijiti cha meno akibane mdomoni ili midomo itulie. Akakata kadi ngumu, akamfundisha kuishusha juu ya mistari aliyokwisha kuisoma, asipate njia ya kurudi nyuma. Tena asidonoe neno mojamoja, achukue matatu manne kwa mpigo. Kisha akashika saa.

Bwana Nukta aliteremka ukurasa mzima kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi.

"Sekunde hamsini! Haya, ilihusu nini?"

"Maji."

"Baba! Barua zote za ofisi yenu zinahusu maji!"

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka hadi akaiweka pasi kando.

Bwana Nukta hakukata tamaa. Kila alipotoka kazini alisoma gazeti kuukuu, akalikunja, akamsimulia mkewe alichokumbuka. Siku moja alisema waziri wa kilimo amefunga mabao mawili. Lakini baada ya wiki tano habari zilianza kukaa mahali pake, na mkewe akikagua gazetini hakuti kosa.

Jumanne moja alimaliza trei yote kabla ya chai ya saa nne, akageukia kile kiti. Huko alikuta barua nne za mtaa mmoja, za miezi tofauti. Mmoja alilalamikia ukuta wenye unyevu, wa pili bomba lisilo na nguvu, wa tatu, mwalimu wa chekechea, ufa kwenye sakafu ya darasa, wa nne vyura uani wakati wa kiangazi. Zamani angezisoma kwa kupishana wiki, kila moja akaiona ya peke yake. Sasa zote zilikuwa mbichi kichwani. Akatoka mbio hadi kwa fundi mkuu, mama asiyependa maneno mengi.

"Mama, bomba kubwa limepasuka chini ya mtaa huu, karibu na shule ya chekechea."

"Nani kakwambia?"

"Vyura."

Fundi alizisoma zile barua, akachukua kofia yake. Alasiri hiyo walichimba, wakakuta bomba limepasuka kweli na udongo chini ya ukuta wa darasa umelowa chapachapa. Watoto walihamishiwa chumba kingine, ukuta ukawahiwa kabla haujaanguka.

Kesho yake bibi mmoja aliingia masjala.

"Ni nani aliyesoma barua yangu ya vyura?"

"Ni mimi, bibi."

"Uliisoma lini?"

"Jana."

"Nimeileta tangu mwezi wa pili!"

Bwana Nukta aliona haya, akamwomba radhi, akamkaribisha kwenye kiti, ambacho sasa kilikuwa kitupu. Bibi aliketi, akamtazama, kisha akatoa bahasha nyingine mkobani.

"Na hii ni ya taa za barabarani."

"Taa si zetu, bibi. Ni ofisi ya jirani."

"Najua. Lakini wale hawasomi. Soma wewe, halafu nenda ukawaambie."

Akaifungua.